Mianzi inabebeshwa lawama isiyo yake

Tangu Novemba 26, 2025, siku majengo ya makazi ya Wang Fuk Court yalipoteketea wilayani Tai Po, Hong Kong, mjadala wa moto ule hapa Kigoma umekwama kwenye jambo moja: mianzi. Video zilifika kwenye simu zetu siku ileile. Aliyezitazama aliona maghorofa marefu yamezungushiwa majukwaa ya mianzi kuanzia chini hadi juu, na ndimi za moto zikiyapanda. Kuanzia vijiwe vya kahawa vya Ujiji hadi maduka ya vifaa vya ujenzi pale Mwanga, hukumu ikatoka haraka: wamejenga kwa miti, miti imewaka, watu wamekufa. Na kwa kuwa mafundi wetu nao hupandia ghorofa kwa mirunda, haikuchukua muda likazaliwa pendekezo la kupiga marufuku mirunda mjini na kumlazimisha kila anayejenga ghorofa akodi majukwaa ya chuma. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, wengine wamesomea ujenzi. Naliona ni kosa, tena kosa litakalotugharimu. Mianzi iliungua, hilo halina ubishi. Lakini ushahidi uliotolewa hadharani unaelekeza kwingine: kwenye neti zilizofunika majengo, kwenye plastiki iliyobandikwa madirishani, kwenye kengele zilizonyamaza, na kwenye ukaguzi uliofanyika tena na tena huku majengo yakibaki vilevile. Tukichukua somo la mianzi peke yake, tutawaadhibu mafundi wa mirunda na kuviacha palepale vitu vinavyoweza kutuua sisi.

Wang Fuk Court ni makazi ya majengo manane ya ghorofa zaidi ya 30, yaliyojengwa mwaka 1983, yenye nyumba karibu 2,000 na wakazi wapatao 4,600, wengi wao wazee. Majengo yote manane yalikuwa kwenye ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 2024. Mafundi waliyazungushia majukwaa ya mianzi, juu ya majukwaa wakatandaza neti za kijani za kuzuia vumbi na vifusi, na kwenye madirisha wakabandika vibao vya polistaireni, ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja kwenye boksi la televisheni mpya, ili vioo visivunjike wakati wa kazi. Taarifa ya moto ilitolewa saa 8:51 mchana. Ulianzia sehemu ya chini ya jengo moja, ukapanda kwa nje, kisha ukaruka kwenda majengo ya jirani mpaka saba kati ya yale manane yakawaka. Ulizimwa kabisa baada ya zaidi ya saa 40. Watu zaidi ya 150 walipoteza maisha, akiwemo askari wa zimamoto, na Hong Kong ilikuwa haijapata moto ulioua watu wengi hivyo tangu mwaka 1948.

Wanaoilaumu mianzi wana hoja, na si busara kuipuuza. Mianzi ni mmea, na ikikauka huwaka. Siku zile hali ya hewa ilikuwa kavu na mamlaka zilikuwa zimetoa tahadhari ya juu ya hatari ya moto. Viongozi wa usalama wa Hong Kong wenyewe walieleza kwamba vipande vya mianzi vilivyoungua vilikatika, vikaanguka na kupeleka moto kwenye ghorofa nyingine. Zaidi ya hayo, tangu Machi 2025 serikali ya huko ilikuwa imeshaamua kwamba angalau nusu ya miradi mipya ya majengo ya umma itumie majukwaa ya chuma. Mtu akiyaweka haya pamoja anaweza kusema kwa haki: kama wenye mianzi yao wameanza kuiacha, sisi wenye mirunda tunasubiri nini? Ni hoja ya kueleweka. Tatizo ni kwamba inaeleza sehemu ndogo ya kilichotokea, na haielezi kabisa kwa nini moto ulipanda ghorofa zaidi ya 30 kabla watu wengi hawajajua kuna moto.

Kasi ya moto hutegemea sana unene wa kitu na hewa inayokizunguka. Anayewasha jiko la mkaa huanza na kipande cha mfuko wa plastiki au karatasi, haanzi na gogo. Mwanzi mnene unapopata moto huungua nje kwanza, ukajitengenezea tabaka jeusi la mkaa, na huchukua muda kabla haujaisha nguvu. Neti ni nyuzi nyembamba za plastiki zenye hewa pande zote. Kama haikutengenezwa kwa dawa ya kuzuia moto, huwaka kwa sekunde. Tena neti ile ilikuwa imetandazwa mbali kidogo na ukuta, na nafasi iliyobaki kati yake na jengo ikawa bomba la kuvutia moto kwenda juu: hewa ya moto hupanda, hewa mpya huingia chini, na kila ghorofa inayoshika huichochea inayofuata. Polistaireni nayo hushika upesi, ikayeyuka na kudondoka huku inawaka, na moshi wake ni mweusi mzito. Ilipowaka mbele ya kioo, kioo kilipasuka na moto ukaingia ndani. Kabla ya hapo ilikuwa imefanya madhara mengine ambayo watu hawayataji. Ilikuwa imeziba madirisha, kwa hiyo mzee aliyekaa ndani hakuona mwanga wa moto nje wala hakusikia harufu mapema. Hata katika lile jengo la nane ambalo halikuungua, wachunguzi walikuta vibao hivyo kwenye madirisha ya kila ghorofa karibu na lifti. Halafu kengele za moto: zilipopimwa baada ya tukio, katika majengo yote manane hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Picha zilizopigwa moto ulipopoa zinaonesha kitu ambacho wapinga mianzi wanapaswa kukijibu. Neti zimetoweka, madirisha ni mashimo meusi, na sehemu kubwa ya mianzi bado imesimama ukutani.

Mfano wa London unaonesha vizuri zaidi kwamba jukwaa si msingi wa jambo hili. Juni 14, 2017, jengo la Grenfell Tower la ghorofa 24 liliungua na watu 72 wakafa. Hapakuwa na mwanzi hata mmoja. Moto ulianzia kwenye friji katika nyumba ya ghorofa ya nne, moto ambao kwa kawaida ungezimwa na kikosi kimoja na kusahauliwa. Uliua kwa sababu ukarabati uliokamilika mwaka 2016 ulikuwa umelivika jengo mabati ya alumini yenye plastiki katikati. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, na plastiki iliyokuwa ndani ikageuka kuni. Shanghai nako, Novemba 2010, jengo la ghorofa 28 lililokuwa kwenye ukarabati liliwaka kutokana na cheche za kuchomelea, zikashika neti na sponji za kuzuia joto, wakafa watu 58. Ukiyaweka majengo haya kando ya Wang Fuk Court, kitu kinachojirudia ni plastiki inayowaka iliyovishwa nje ya jengo lenye watu ndani. Jukwaa ni la chuma, la mwanzi au halipo kabisa, matokeo ni yaleyale.

Sasa nifike kwenye sehemu ya habari hii ambayo naona imetupita kabisa, na ndiyo iliyonikosesha raha tangu nilipoisoma. Kwa maelezo ya wachunguzi wa Hong Kong, kimbunga kiliharibu baadhi ya neti katikati ya mwaka 2025. Wahusika wakanunua majora 2,300 ya neti za bei nafuu, zisizokidhi kiwango cha kuzuia moto, kwa dola 54 za Hong Kong kwa jora. Mwezi Oktoba jukwaa la jengo jingine katikati ya jiji likashika moto, na wakahofia kwamba ukaguzi utakuja. Wakanunua majora mengine 115, safari hii ya kiwango kinachotakiwa, kwa dola 100 kila moja, na kuyafunga chini ya majukwaa. Chini ndiko mkaguzi anakofika bila kupanda. Ndiko anakokata kipande cha kwenda kupima. Baada ya moto, zilipochukuliwa sampuli 20 zikiwemo za sehemu ngumu kufikika, saba zilishindwa. Msomaji anayejua bei ya saruji na nondo anaelewa hesabu hii bila kuelezwa. Tofauti ya dola 46 kwa jora ndiyo iliyookolewa, na aliyeiokoa alijua vizuri kipimo kinafanyika wapi.

Wakazi hawakukaa kimya. Tangu Septemba 2024, mwaka mzima na zaidi kabla ya maafa, walikuwa wameuliza kwa maandishi kama neti zile ni salama. Jibu la idara ya kazi lilikuwa kwamba hatari ya moto ni ndogo kwa sababu kazi haihusishi moto wa wazi. Idara hiyohiyo ilifanya ukaguzi mara 16 tangu ukarabati uanze. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 20, siku sita kabla ya moto, na mkandarasi aliachiwa onyo la maandishi kuhusu tahadhari za moto. Mara 16. Ofisi ilikuwepo, sheria ilikuwepo, gari la kuwafikisha lilikuwepo, fomu zilijazwa. Anayetaka kujua chanzo cha moto wa Wang Fuk Court aanzie hapo, kwa sababu mwanzi haukuandika barua ya kuwatuliza wakazi.

Kuna kundi la pili katika mjadala, linalosema mianzi na neti ni maneno mengi, la msingi ni nani aliwasha. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba mafundi huvuta sigara kwenye majukwaa, kwa hiyo wengi wanamtafuta mvutaji. Naielewa hamu hiyo. Maiti zaidi ya 150 zinadai mtu wa kujibu, na mtu mmoja mwenye kiberiti ni rahisi kumfikiria kuliko mlolongo wa ofisi na mikataba. Lakini tuna mfano wa karibu zaidi na sisi unaoonesha mwisho wa njia hiyo. Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso jijini Johannesburg liliungua usiku na watu 76 wakafa, Watanzania wakiwemo. Miezi michache baadaye mtu alijitokeza mbele ya tume ya uchunguzi, akasema yeye ndiye aliyewasha moto akijaribu kuficha mauaji. Hapo mwenye kiberiti alipatikana, kwa kinywa chake mwenyewe. Je, tume ya Jaji Khampepe ilifunga jalada? Ripoti yake ya Mei 2024 iliibebesha dhamana halmashauri ya jiji, mmiliki wa jengo, iliyojua kwa miaka hali yake na kuliacha: vyumba vimegawanywa kwa vitu vinavyowaka, vifaa vya kuzimia moto havipo, milango ya kutokea imefungwa. Mwenye kiberiti anastahili adhabu yake. Ila kiberiti kilekile kwenye jengo lenye milango miwili wazi kingechoma chumba kimoja.

Huku kwetu nafasi ya mvutaji sigara inachukuliwa na shoti. Moto ukizuka sokoni au bwenini, kabla majivu hayajapoa tunaambiwa ni hitilafu ya umeme, na kwa wengi mjadala unaishia hapo. Si kwamba shoti haipo. Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa, na nyumba nyingi zilifungwa nyaya za kutosha taa, redio na pasi mara mojamoja. Leo nyumba hizohizo zina friji la biashara, feni tatu, jagi la umeme na televisheni, vyote vikining'inia kwenye ekstensheni moja yenye waya mwembamba kama wa spika. Waya ule hupata joto, ganda lake hulainika, na siku moja hukutana na pazia. Hilo ni la kweli kabisa na fundi umeme yeyote mwenye leseni ya EWURA atakueleza. Lakini kuna jambo la kitaalamu ambalo hukumu za haraka huliruka. Jengo likiungua, nyaya zake huungua pia, maganda huyeyuka, na waya zenye umeme hugusana na kupiga shoti katikati ya moto ambao tayari ulianza kwa sababu nyingine. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, na panapopiga shoti joto huzidi kiwango hicho kwa mbali, hivyo huacha vishanga vya shaba kwenye ncha za waya. Anayekuja asubuhi na kuviona vishanga hivyo ana ushahidi kwamba shoti ilitokea. Hana ushahidi kwamba ilitangulia. Kutenganisha hayo mawili kunahitaji kuchora moto ulivyosafiri, kusikiliza mashuhuda wa dakika za mwanzo, na kuchunguza kila chanzo kingine mpaka kiondolewe. Kazi hiyo haimaliziki kwa kauli ya saa tatu asubuhi mbele ya waandishi.

Hata tunapouliza vizuri, huwa tunauliza nusu. Soko Kuu la Kariakoo, jengo la msanifu wetu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliunda kamati na kuipa siku saba. Nakumbuka jinsi mazungumzo ya nchi nzima yalivyogawanyika kati ya umeme na hujuma. Swali la kwa nini moto wa usiku mmoja uliweza kula jengo kubwa la zege lenye hadhi ile halikupata nusu ya nguvu hiyo, wakati ndilo ambalo wafanyabiashara wa masoko mengine yote ya Tanzania walihitaji jibu lake.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi, ni kwamba haya hayatuhusu kwa kuwa Kigoma hatuna maghorofa 30. Naomba mwenye hoja hiyo akumbuke Idodi, Iringa, Agosti 2009: wanafunzi 12 wa kike walikufa bwenini. Akumbuke shule ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa mkoani Kagera, Septemba 2020: watoto 10. Avuke mpaka hadi Nyeri, Kenya, Septemba 2024, shule ya Hillside Endarasha: watoto 21. Hakuna hata moja kati ya hizo lililokuwa jengo la ghorofa 30. Na kila mara tulibishana kuhusu mshumaa, shoti au mkono wa mtu. Ni wachache walioliangalia godoro. Sponji ya godoro la kawaida ni plastiki ileile kwa tabia: nyepesi, imejaa hewa, hushika moto kwa kasi na hutoa moshi wenye sumu unaomlaza mtu kabla ndimi hazijamfikia. Bweni la vitanda vya juu na chini limejazwa sponji ukuta hadi ukuta, madirisha yana grili zilizochomelewa, mlango ni mmoja na matroni ana funguo. Ukiwa na mpangilio huo, haijalishi sana kiliwaka nini kwanza.

Mjini kwetu mpangilio huo si wa mabwenini tu. Miezi michache iliyopita nililala kwenye gesti moja hapa mkoani. Chumba kilikuwa safi, na dirisha lilikuwa na grili ya nondo iliyozamishwa kwenye zege. Korido ilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Wa nyuma umepigwa kufuli, na mbele yake yamepangwa makreti ya soda mpaka usawa wa kifua. Karibu na mapokezi mtungi wa kuzimia moto ulining'inia ukutani, una kibandiko cha ukaguzi, na mshale wake umelala kwenye nyekundu. Nilipomuuliza kijana wa zamu funguo ya mlango wa nyuma iko wapi, alisema bosi anatembea nayo kwa sababu ya wezi. Hakuwa na nia mbaya. Wala bosi wake hakuwa nayo; wezi wapo kweli. Lakini jengo lile lina kibandiko, kwa hiyo kwenye makaratasi liko salama.

Ukipita Ujiji utaona kwamba wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Nyumba ya Kiswahili ina mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati na mlango wa uani. Moto ukiwa upande mmoja, unatokea upande wa pili. Ubaya umeingia baadaye, vyumba vilipopangishwa kimoja kimoja, mlango wa uani ukawekewa kufuli la usiku, na ukumbi ukageuzwa stoo ya madumu ya mawese na mafurushi ya vitenge. Maduka nayo ni hivyohivyo. Fremu za biashara zimejengwa zikishikana bega kwa bega, dari la moja linaendelea hadi kwa jirani bila ukuta wa kukata moto juu ya kenchi, na kwenye mstari mmoja unakuta magodoro, kisha mitungi ya gesi, kisha mwenye rangi na thina. Hakuna mrunda hata mmoja hapo. Tukipiga marufuku mirunda kesho, safu hiyo ya fremu itabaki vilevile.

Na marufuku yenyewe itamwangukia nani? Mirunda ni miti ya mikaratusi ambayo mkulima wa vijijini kwetu huikuza na kuuza, dalali huileta mjini, fundi huinunua au kuikodi na kuitumia jengo hadi jengo. Anayejenga nyumba ya ghorofa moja kwa akiba yake hawezi kukodi majukwaa ya chuma kwa miezi mitatu. Atasimamisha ujenzi au atajenga kwa kujificha. Ikiwa hofu yetu ni fundi kuanguka, basi tuzungumze kuhusu kuanguka. Mirunda iliyopigiliwa misumari kiholela na kufungwa kwa vipande vya mpira wa tairi inaua mafundi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi, wana kila sababu ya kuifuatilia. Hiyo ni hoja nzito na ningeiunga mkono. Nisichokubali ni kuichukua hoja ya kuanguka, kuivika moto wa Hong Kong, na kuipitisha kama somo la moto.

Watu wa dini huniambia kwamba ajali ni kadari. Siwapingi. Lakini muumini yuleyule hufunga ngamia wake kwanza kisha akatawakali, na mlango wa nyuma uliofunguliwa hauondoi imani ya mtu.

Kwa hiyo tufanye nini Kigoma? Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi mamlaka ya kukagua majengo, na wafanyabiashara wanalijua vizuri kupitia tozo wanayolipa. Ningependa ukaguzi huo upimwe kwa kitu kimoja kinachoonekana: mkaguzi afike usiku, saa ya kufunga, ajaribu kutoka kwa mlango wa nyuma. Mabweni na gesti vianzie hapo, kwa sababu huko watu wamelala. Grili za madirisha si lazima ziondolewe; fundi chuma yeyote pale Gungu anajua kutengeneza grili yenye bawaba na komeo la ndani, na gharama yake haizidi sana ya ile ya kuchomelea moja kwa moja. Kwenye fremu mpya, kibali cha ujenzi cha Manispaa kidai ukuta upande mpaka chini ya bati kati ya duka na duka. Ripoti za uchunguzi wa moto zichapishwe zote, ile inayosema hatukubaini chanzo na ile inayosema tulibaini, na kila moja ieleze moto ulianzia wapi, ulipita wapi, nini kiliuongeza kasi na nani alishindwa kutoka na kwa nini. Mfanyabiashara wa Soko la Mwanga hawezi kujifunza chochote kutokana na sentensi moja ya hitilafu ya umeme.

Na maghorofa yanayoongezeka kando ya Barabara ya Lumumba, ambayo sasa nayo yanafunikwa neti za kijani wakati wa ujenzi, yawekewe sharti lake mapema kabla hayajawa marefu zaidi. Mkandarasi aoneshe cheti cha neti kwamba inazuia moto, plastiki isibandikwe kwenye dirisha la chumba chenye mtu, na mkaguzi anapokwenda kukata kipande cha neti cha kupima, apande akakikate ghorofa ya juu.